Tahadhari: wanaouza "namba moja Google" wanaondoka na tovuti yako

Wenye nyumba za wageni, kampuni ndogo za utalii, maduka ya fanicha, saluni na karakana, kaeni macho. Kuna watu wanapita kwa WhatsApp, simu na barua pepe wakiuza SEO, yaani kazi ya kupandisha tovuti kwenye matokeo ya Google, kwa ahadi moja: ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya wiki mbili, lipa nusu sasa na nusu ukishaona matokeo. SEO ni kazi halali na mafundi wake wazuri wapo. Hawa tunaowasema hapa wanafanya kitu kingine, na hela ya advansi ndiyo hasara ndogo kuliko zote. Kinachouma ni pale unapotaka kuachana nao ukakuta domeini (anwani ya tovuti yako) imesajiliwa kwa jina lao, biashara yako kwenye ramani ya Google iko kwenye akaunti yao, na ndani ya tovuti kumejaa linki za kamari.

Wanavyobisha hodi ni vilevile siku zote: "Nimetembelea tovuti yako nikaona haionekani kwenye mitandao mingi ya kutafutia." Hata Google huletewa ujumbe huo. Katika mwongozo wao kuhusu kuajiri mtu wa SEO wameuweka kama mfano, barua inayoiambia google.com kwamba haionekani kwenye mitandao ya kutafutia. Aliyekuandikia hajafungua tovuti yako. Ana orodha ya anwani na programu ya kuzitumia zote kwa mpigo.

Ukijibu, inakuja ripoti ndefu yenye makosa mekundu kila ukurasa. Ripoti hiyo hutolewa na programu ya bure kwa dakika moja, nayo huhesabu kila kitu: picha isiyo na maelezo, kichwa kilichojirudia, hata kasoro ambazo mteja hawezi kuziona. Baadhi ni kweli ila ni madogo. Mengine yamepitwa na wakati. Ukiambiwa huna "meta keywords", orodha ya maneno inayofichwa ndani ya ukurasa, jua Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawaitumii kabisa kupanga matokeo. Ukiuziwa "kusajiliwa kwenye search engine 500", jua Google walifunga fomu yao ya wazi ya kupokea anwani za tovuti mwaka 2018. Tovuti inayosomeka na yenye linki hata moja ya kweli hugunduliwa bila kusajiliwa popote. Na ukitishwa kwamba "Domain Authority yako ni 4", hiyo ni alama ya kampuni inayoitwa Moz. Google hawaitumii, na inaweza kupandishwa kwa linki za kununua bila simu moja ya mteja kuongezeka.

Sasa hiyo namba moja yenyewe. Google wanasema wazi kwamba hakuna anayeweza kuihakikisha, na kwamba nafasi kwenye matokeo ya kawaida haiuzwi. Mbona basi watu wanaonyeshwa, tena wanaona kwa macho yao?

Wengi huonyeshwa jina la biashara yao. Ukiandika jina la lodge yako itakuja juu, maana hakuna mwingine mwenye jina hilo. Mteja asiyekujua haliandiki. Anaandika "lodge Moshi", au akiwa Ujerumani anaandika bei ya siku saba za njia ya Machame. Huko ndiko kwenye vita, unabanana na majukwaa kama SafariBookings na Tripadvisor, na huko hawakupeleki. Wengine huonyeshwa neno refu ambalo hakuna binadamu analitafuta, kwa mfano "watengenezaji bora wa makabati ya jikoni ya mninga Tegeta kwa Ndevu". Hapo utakuwa wa kwanza kwa sababu uko peke yako uwanjani. Kuna wanaolipia tangazo la Google siku mbili tatu, kwa hela yako hiyohiyo, kisha wanakuonyesha uko juu huku wamekata neno Sponsored lililo juu ya jina lako. Bajeti ikikauka unapotea. Na kuna picha ya skrini tu. Yeyote mwenye Chrome kwenye kompyuta anaweza kubofya kitufe cha kulia cha mausi, akachagua Inspect, akaibadili nafasi ya 14 iwe 1, akapiga picha. Kilichobadilika ni maandishi kwenye skrini yake.

Kwa hiyo picha ya skrini usiipokee kama ushahidi. Wala usijipime kwa kujitafuta kwenye simu yako ukiwa dukani kwako, maana Google huangalia mahali ulipo, hata ukifungua dirisha la siri. Ingia mwenyewe kwenye Google Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi anavyotafutwa, ni bure. Fungua Performance, washa Average position, chuja neno mnalobishania, kisha chuja nchi wanakotoka wateja unaowataka. Utaona neno lilionekana mara ngapi, likabofywa mara ngapi na nafasi ya wastani, hadi miezi 16 nyuma. Takwimu huchelewa siku mbili hivi. Ukikuta nafasi 1.2 na kuonekana mara sita kwa miezi mitatu, umeuziwa neno lisilo na watu. Na hizo sita huenda ni wewe na yeye mkikagua.

Kuhusu linki za kutoka tovuti nyingine kuja kwako, zinazouzwa ili kukupandisha. "Linki 1,000 kwa bei ya kutupa" hutoka kwenye maoni ya blogu zilizotelekezwa, kwenye profaili za majukwaa ya nchi za mbali, na kwenye mitandao ya tovuti wanazozijenga wenyewe juu ya domeini zilizoisha muda. Google walianza kuzibana vikali Aprili 2012 kwa mfumo ulioitwa Penguin. Desemba 2022 wakaongeza nguvu za SpamBrain, mfumo wao wa kunasa ulaghai, ambao huzihesabu linki za kununua kuwa sifuri. Machi 2024 wakaandika kanuni zinazotaja kwa jina matumizi mabaya ya domeini zilizoisha na makala zinazomwagwa kwa wingi bila faida kwa msomaji. Ukibahatika, basi, hela imeenda bure. Usipobahatika unapata adhabu inayotolewa na mtu, siyo mashine, na utaiona Search Console chini ya Manual actions. Kutoka humo ni kuziondoa linki, zilizokataa kuondoka kuzikana kwa faili la disavow, kisha kuandika ombi la kupitiwa upya na kusubiri. Kama hapo pameandikwa hakuna tatizo, usimlipe mtu anayekuja wiki ijayo kuuza "kusafisha linki za sumu". Google wenyewe wanasema tovuti nyingi hazihitaji faili hilo. Mara nyingine msafishaji ni yule yule aliyechafua, kabadili laini.

Wageni wa tovuti wa kununua ni hadithi fupi: ni roboti. Google Analytics itaonyesha watu elfu kadhaa waliokaa sekunde moja, wengi kutoka mji mmoja ambao huuzi kitu, huku mibofyo ya Search Console ikibaki palepale. Maoni ya nyota tano ya kununua ni mabaya zaidi, maana yanaweza kusimamisha biashara yako kwenye ramani. Hali kadhalika jina lililojazwa maneno, "Fulani Furniture Sofa Bora Bei Nafuu Dar". Google wanataka jina lililo kwenye kibao cha mlangoni.

Rudi kwenye umiliki, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza biashara. Mtu anakuja, anakwambia "tuachie kila kitu sisi", anasajili domeini kwa barua pepe yake, anaweka tovuti kwenye hostingi yake (mahali pa kukodi inapokaa tovuti), anafungua Google Business Profile, yaani biashara yako kwenye ramani, kwa Gmail yake. Mwezi wa tatu mkikorofishana anataka "ada ya kuhamisha". Domeini ya .com huhamishwa kwa namba ya siri maalumu kutoka kwa msajili, yaani kampuni iliyouza domeini, na kanuni za ICANN, shirika linalosimamia domeini duniani, zinamtaka msajili aitoe ndani ya siku tano kwa yule aliyeandikwa kuwa mwenye domeini. Kama aliyeandikwa ni fundi, wewe huna sauti mbele ya msajili. Njia ya malalamiko ya kimataifa ipo, lakini ni ya wenye alama ya biashara, na ada ya WIPO, shirika la kimataifa la hakimiliki na alama za biashara, peke yake huanzia dola 1,500. Ndiyo maana wengi huishia kulipa hiyo ada ya kuhamisha, au kuanza upya na jina jingine huku vibao, risiti na kadi zote zina jina la zamani.

Basi leo hii, kabla ya chakula cha mchana, kagua. Tafuta domeini yako kwenye daftari la wazi la usajili (wengi huliita WHOIS), za .com zipo lookup.icann.org, na za .co.ke au .co.tz ziulizie kwa msajili wa nchi husika. Siku hizi majina mengi hufichwa, kwa hiyo angalia msajili ni nani na tarehe ya kuisha, kisha jaribu kuingia kwenye akaunti hiyo kwa barua pepe yako. Usipoweza kuingia, hujamiliki. Andika Google neno site: ukifuatisha anwani ya tovuti yako na neno casino, kisha rudia kwa betting. Zikija kurasa usizozijua, kuna mtu amejificha ndani. Mara nyingi alipitia plagini (kiongezi) ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ya kulipia ambayo fundi aliipata bure mtaani. Hizo za wizi huja na mlango wa nyuma.

Kuna na simu. Anayepiga anasema yeye ni wa Google, biashara yako itaondolewa kwenye ramani usipolipa, au anaomba namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako. Kuwa kwenye ramani ni bure. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa kuichukua biashara yako, usimsomee mtu. Mchezo huu ni wa kimataifa: mwaka 2018 FTC, mamlaka ya Marekani ya kulinda walaji, ilizishitaki kampuni za Florida zilizokuwa zikiwapigia wafanyabiashara wadogo na kuwatishia kwamba wataandikwa "imefungwa kabisa" kwenye Google.

Kama umeshaingia, fuata mpangilio huu, na usimwambie mtu unamfukuza kabla hujamaliza hatua ya nne.

1. Domeini kwanza. Omba kwa upole ihamishiwe kwenye akaunti yako, "kwa ajili ya mhasibu" inatosha kuwa sababu. Ikishafika, badili nenosiri, washa uthibitisho wa hatua mbili na ufunge uhamisho.

2. Pakua nakala kamili ya tovuti, mafaili pamoja na hifadhidata. Ukurasa wa mbele peke yake si nakala.

3. Business Profile: kama iko kwake, omba umiliki kupitia Google. Mwenye nayo ana siku tatu za kujibu, na akinyamaza unaweza kupewa nafasi ya kuithibitisha mwenyewe. Ukishaongezwa kuwa mmiliki, subiri siku saba ndipo uweze kumwondoa mwingine.

4. Search Console: nenda Settings, kisha Users and permissions, umwondoe. Wengi hukosea hapa. Kumwondoa jina hakutoshi, lazima ufute alama aliyothibitishia, ama rekodi ya TXT kwenye DNS (mipangilio ya domeini yako) inayoanza na google-site-verification, ama faili la HTML linaloanza na google kwenye folda kuu. Ikibaki, anarudi kwa kubofya mara moja.

5. WordPress: futa wasimamizi usiowajua, badili nenosiri la hostingi na la hifadhidata, toa plagini zisizo na leseni uweke halali. Kisha fungua Settings, Reading, uhakikishe hakuna tiki kwenye Discourage search engines from indexing this site, na uangalie robots.txt, faili linaloiambia Google ipite wapi, isiwe na mstari wa Disallow: / peke yake. Anayeondoka na hasira huacha tiki hiyo, na wiki chache baadaye tovuti inafutika kwenye Google bila kelele.

Ukitafuta fundi mwingine, muulize atabadilisha kurasa zipi na kwa nini. Wa kweli atataja vitu vya kuchosha: ukurasa wa peke yake kwa kila huduma, kichwa kinachotaja huduma na mji, namba ya simu ileile kwenye tovuti na kwenye ramani, picha za megabaiti nne zilizopigwa kwa simu zipunguzwe zishuke chini ya kilobaiti 200, na kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Atakuomba umwongeze Search Console kutoka kwenye akaunti yako, hatakuomba nenosiri lako. Kuhusu muda, Google walishasema ni kati ya miezi minne na mwaka kuona faida ya kazi hiyo. Anayesema wiki mbili, mwache aende. Lipeni kwa mwezi, kila mwezi kwa orodha ya kurasa zilizoguswa, na risiti iwe ya jina la biashara, siyo hela kwenda kwenye namba binafsi.

Aliyekutapeli kwa simu, namba yake itume kwa meseji kwenda 15040 kama uko Tanzania, au 333 kama uko Kenya kwenye Safaricom. Mazungumzo ya WhatsApp usiyafute. Polisi watayataka, na msajili wa domeini pia.