TAHADHARI: Ripoti ya ukaguzi wa nyumba unayoletewa na dalali

Mnaotafuta nyumba Dar es Salaam, kuna mchezo umeenea. Dalali anakuletea ripoti ya ukaguzi yenye mhuri, kurasa mbili tatu, halafu anakuharakisha utoe advansi kabla mteja mwingine hajakuwahi. Mkaguzi huyo kalipwa na muuzaji. Tafuta wako, umlipe mwenyewe.

Ripoti ikisema "nyufa ndogo za plasta", nenda ukazione. Nyembamba kama unywele, zimetapakaa kama utando wa buibui? Hiyo ni plasta iliyokauka haraka. Lakini ufa unaotoka kona ya dirisha, ukashuka kwa ngazi ngazi kufuata maungio ya tofali, na upande wa pili wa ukuta nao upo, huo ni msingi unaotitia. Ukifika upana wa milimita 5, usitoe hata shilingi mpaka mhandisi auone. Ukuta umepakwa rangi juzi? Washa tochi ya simu uilaze ubavuni mwa ukuta: ufa uliozibwa kwa skimu, ile plasta laini ya kusawazisha ukuta, huonekana kama kovu.

"Unyevu kidogo" ndiyo mbaya zaidi. Kagua mita moja ya chini: unga mweupe, rangi iliyofura malengelenge. Gonga kwa kifundo cha kidole. Plasta iliyoachia hulia kama debe tupu. Hapo fundi hakuweka nailoni nzito juu ya msingi, maji ya ardhini yanapanda, na rangi mpya haiponyi. Kisha toka nje utazame ukuta wa jirani ambao haujapakwa rangi. Mstari wa tope uliobaki tangu masika utakuonyesha maji hufika wapi.

"Paa halikukaguliwa" maana yake hakuna aliyepanda darini. Panda, uangalie njia za udongo za mchwa kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa.

Ripoti ya jengo haigusi mipaka. Chukua ramani ya upimaji, mpimaji aliyesajiliwa azitafute bikoni (alama za mipaka) zote, namba kwa namba. Apime pia umbali: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari, na hifadhi ya barabara kuu kwa kawaida ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara.

Mwisho fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, ujue kama kuna rehani au zuio. Pesa iingie benki, kwa jina lililo kwenye hati, si kwenye simu ya dalali.