Makumbusho ya Sanaa ya Adachi, Yasugi: tenga saa 3, na anza na basi la kurudi

Wengi wanaokwenda Adachi husema wanakwenda kuona bustani, na hapo ndipo wanapopunjika. Bustani hii ilitengenezwa kwa kufuata michoro ya mchoraji wa Kijapani Yokoyama Taikan (1868–1958), na michoro yenyewe iko ghorofani. Anayemaliza muda wake kwenye madirisha ya chini anaondoka na nusu ya alichokilipia. Na tiketi si rahisi: ya mtu mzima inapita yeni 2,000. Kwangu mimi inastahili, mradi usiende mbio.

Makumbusho yako nje ya mji wa Yasugi, mkoa wa Shimane, upande wa Bahari ya Japani. Ukitokea Tokyo au Osaka, teremka Okayama, kisha panda treni ya haraka iitwayo Yakumo, zaidi kidogo ya saa mbili. Weka nafasi ya kiti mapema, maana viti vyote ni vya kuwekwa nafasi. Njia ina kona nyingi kando ya mto Takahashi. Anayepata kichefuchefu safarini ameze dawa kabla ya kuondoka. Aliyelala Matsue hahitaji Yakumo, treni ya kawaida inamfikisha chini ya nusu saa.

Nje ya stesheni ya Yasugi kuna basi la bure la makumbusho, mwendo wa dakika 20. Kwenda hakuna shida. Tatizo ni kurudi: viti vina idadi yake, na nafasi hugawiwa kwa vikaratasi vya namba. Chukua chako mara tu unapofika, kabla hata ya kukata tiketi, na uchague basi la saa 3 mbele. Ukisubiri mpaka umalize kutazama, huenda basi unalolitaka likawa limejaa, na teksi kijijini hapo haisimamishwi barabarani kama mjini.

Hufungua saa 3 asubuhi kila siku ya mwaka, na hufunga saa 11 na nusu jioni kuanzia Aprili hadi Septemba, saa 11 kamili miezi mingine. Jengo jipya ndilo lenye siku zake za kufungwa, maonyesho yanapobadilishwa. Angalia kalenda kabla. Ingia mlango unapofunguliwa. Kokoto nyeupe zimeshasawazishwa alfajiri, na vikundi vya mabasi ya watalii bado havijafika.

Bustani huikanyagi. Unaitazama kwa kupita ukumbini, mara nyingi kupitia kioo, na wapo wanaolalamikia hilo. Mimi naona ndiyo siri yake: dirisha limekuwa fremu. Misonobari hupunguzwa majani kwa mkono ili isizidi kimo chake, na milima ya mbali imeingizwa katika picha hata huoni bustani inapoishia. Maporomoko ya maji unayoyaona kule nyuma, mita 15, yalijengwa mwaka 1978 kwa kufuata mchoro wa Taikan wa maporomoko ya Nachi. Bustani ya kokoto nyeupe na misonobari nayo imetokana na mchoro wake wa ufukwe. Usipite haraka pale ukuta ulipotobolewa mahali ambapo nyumba ya Kijapani hutundika mchoro wa kuning'inia: simama hatua kadhaa nyuma, katikati kabisa, ndipo tundu linageuka mchoro. Ukisogea karibu unaona bustani tu.

Kupiga picha bustani kunaruhusiwa. Kioo huakisi, hivyo vaa nguo ya rangi nyeusi na sogeza simu karibu bila kukigusa. Mvua isikukatishe tamaa. Kuvumwani, ule uoto laini wa kijani, hupendeza zaidi ukiwa umelowa. Novemba majani mekundu huleta umati mkubwa. Ningechagua Januari au Februari, theluji ikibahatika kuanguka.

Panda ghorofani ukiwa bado na saa moja na nusu. Kumbi zina mwanga hafifu, kwa sababu michoro ya mtindo wa Nihonga, yaani uchoraji wa jadi wa Kijapani, hupakwa rangi za madini yaliyosagwa na kushikwa na gundi ya wanyama juu ya hariri au karatasi, na mwanga mwingi huiharibu. Macho yaliyotoka kwenye kokoto nyeupe hayaoni kitu kwanza. Kaa dakika tano hivi kabla ya kuanza. Kwa sababu hiyohiyo michoro hubadilishwa kila msimu, kwa hiyo usiende kwa ajili ya mchoro mmoja bila kuthibitisha kuwa umetundikwa. Viwambo vya kukunja vya Taikan viitwavyo Koyo, vya mwaka 1931, kwa kawaida hutolewa vuli. Humu simu ibaki mfukoni.

Ukumbi wa Kitaoji Rosanjin, uliofunguliwa 2020, watu huupita tu wakiwahi basi. Ni hasara. Alikuwa mfinyanzi na mpishi, na vyombo vyake vilifinyangwa kwa kufikiria chakula kitakachokaa juu yake. Tazama sahani kutoka juu, kama mtu aliyeketi mezani, siyo kwa ubavuni.

Chai ya matcha kwenye vibanda vya ndani hulipiwa mbali na tiketi. Kama fedha inabana, iache. Madirisha ya ukumbini yanaonyesha bustani vizuri vilevile.