Mhadhara wa Jioni Bagamoyo: Wazungu Waliolowea Pasifiki

Jumamosi iliyopita nilihudhuria mhadhara wa kulipia uliofanyika katika ua wa nyumba moja ya wageni, Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kuhusu Wazungu waliolowea katika visiwa vya Pasifiki zama za uwindaji wa nyangumi. Kiingilio kilikuwa shilingi 10,000 pamoja na kahawa na kashata, na kwa bei hiyo sina lalamiko.

Mtoa mada anaijua kazi yake. Alieleza kwa ufasaha jinsi mabaharia walivyotoroka merikebu ambazo safari zake zilichukua miaka mitatu au minne, na jinsi uhai wao pwani ulivyotegemea hisani ya mtawala aliyewahifadhi. Charlie Savage, aliyefika Fiji baada ya merikebu Eliza kuvunjika mwaka 1808, alithaminiwa katika kisiwa cha Bau kwa ustadi wake wa bunduki, akauawa vitani mwaka 1813. John Young, aliyezuiwa Hawaii mwaka 1790, alimtumikia mfalme Kamehameha hata akafanywa liwali wa kisiwa. Alipolitamka neno hilo, liwali, watu walitikisa vichwa. Halikuhitaji maelezo zaidi.

Dosari ni biashara kupitiwa mbiombio. Mzee mmoja aliyewahi kununua jongoo bahari aliuliza Wafiji waliwakaushaje, akajibiwa kwa sentensi moja tu: walichemshwa katika masufuria makubwa, wakakaushwa kwa moto ndani ya mabanda marefu, wakapelekwa China. Utamu wa habari ulikuwa hapo hapo. Kazi hiyo ilitaka kuni nyingi na mamia ya watu, ambao hawakupatikana bila chifu, na kwa chifu mgeni alihitaji mtu kama David Whippy, mzaliwa wa Nantucket, Marekani, aliyehamia Levuka huko Fiji miaka ya 1820 na kuijua lugha. Malipo yakawa bunduki za gumegume, baruti na meno ya nyangumi. Tena wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliofuata jongoo Fiji walitoka bandari ileile iliyoleta merikani Unguja na kuchukua pembe na sandarusi. Konseli wa kwanza wa Marekani huko, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Kulinyamazia hilo mbele ya watu wa Bagamoyo ni uzembe.

Mhadhara utarudiwa mwezi ujao. Keti upande wa mwembe, kwa kuwa upande wa barabara bodaboda humeza nusu ya maneno.