Seti ya kujitengenezea fimbo ya kuvulia besi: blanki safi, karatasi ya vipimo weka pembeni

Mambo vipi wadau wa ndoana, karibuni sana. Hii hapa mezani ndio ile seti ya kujitengenezea fimbo ya kuvulia samaki aina ya besi ambayo wengi mmeiulizia, na sijaja kuifungua boksi tu mbele ya kamera, nimeshaijenga na nimeshavua nayo, kwa hiyo leo tunaongea kazi.

Ndani unapata blanki, yaani ule mti mtupu wa fimbo, ya kaboni ya futi 7, kama mita 2.13 hivi, kipande kimoja bila kiungo, nguvu yake ni ya kati kuelekea nzito na inapinda haraka, maana yake ukiivuta inakunjika huku juu karibu na ncha, huku chini inabaki imekaza. Kuna mpini wa sponji ngumu ya EVA, kiti cha rili, pete tisa za kupitishia mshipi na ile ya nchani, uzi, chupa mbili za epoksi, na kamota kadogo ka kuzungushia fimbo wakati epoksi inakauka. Halafu kuna karatasi inayokwambia kila pete ikae sentimita ngapi kutoka nchani, hiyo tutafika.

Tuanze na blanki maana ndio unayoilipia. Wameiandika IM7 kwa herufi kubwa na watu wanazipenda sana hizo herufi, lakini wadau, IM6 na IM7 asili yake ni majina ya nyuzi za kaboni za kampuni ya Hexcel, sio daraja la ubora ambalo kuna mtu anakagua, na siku hizi yanabandikwa popote. Hata zile tani wanazoandika kwenye fimbo, 24, 30, 40, zinakwambia nyuzi zina ugumu kiasi gani, hazikwambii fimbo ina nguvu kiasi gani. Ugumu ukipanda mtengenezaji anatumia kaboni kidogo zaidi, fimbo inakuwa nyepesi na inasikia vizuri, ila ukiigonga kwenye ukingo wa boti inaumia haraka. Kwa hiyo mimi herufi naziacha, naikunja blanki naangalia umbo. Hii inakunjika vizuri, mkunjo unashuka taratibu bila kuvunjika kona popote, hapo nimeridhika kabisa.

Sasa kwa nini umbo hilo? Kwa sababu fimbo hii ni ya Texas rigi na jigi, yaani ndoana yenye chubwi kichwani. Texas rigi kwa aliye mgeni: chubwi yenye umbo la risasi inatangulia, nyuma yake ndoana moja nene, na ncha ya ndoana unaificha ndani ya mnyoo wa plastiki ili ipite kwenye magugu bila kunasa. Unatupa, unaacha izame, na besi mara nyingi anaichukua wakati inazama, kwa hiyo macho kwenye mshipi, ukiona umeruka kidogo au umekaa upande au umelegea kabla chubwi haijafika chini, huyo ni samaki, usisubiri akugonge mkononi. Unashusha ncha, unakusanya ulegevu, unavuta kwa nguvu. Hapo ndoana inatakiwa itoboe plastiki kwanza ndio iingie mdomoni, na kazi hiyo inafanywa na hiki kitako kigumu.

Watu wanadhani nguvu ya fimbo ni kwa ajili ya uzito wa samaki, hapana. Besi mkubwa kuliko wote kwenye rekodi ana kilo 10 na kidogo, George Perry alimvua Georgia kule Marekani mwaka 1932, na Manabu Kurita akamfikia kwenye ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009, wa Kurita alizidi kwa kama aunsi moja tu na sheria ya IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi, inataka uzidi aunsi mbili kwa samaki wa ukubwa huo, ndio maana wanashika rekodi wote wawili. Wewe na mimi tunavua wa kilo moja, mbili, ukipata tatu unapiga kelele. Nguvu unaihitaji ndoana iingie, na ukishampata umtoe kwenye magugu kabla hajajizungushia.

Ndio maana kama wewe ni mtu wa krankibeti, kile chambo bandia kigumu kinachopiga mbizi ukikivuta, blanki hii usinunue. Krankibeti ina ndoana za meno matatu, nyembamba, ukivuta na fimbo kali unamchania mdomo au anachomoka, kule unataka fimbo inayokunjika mpaka katikati, nyuzi za kioo zinafaa sana, na huvuti kwa kishindo, unaendelea kuzungusha rili fimbo ijae yenyewe.

Haya, pete. Hapa ndipo seti inapopoteza maksi. Pete walizoweka ni kubwa na ni nzito, na tatizo la uzito sio mkononi, tatizo ni nchani. Ncha ndio sikio lako. Kila gramu unayoongeza kule inaifanya ncha ichelewe kurudi baada ya kutupa na inazima ule mtetemo mdogo wa chubwi ikipita juu ya jiwe. Mimi tatu za chini nilizibakiza, za juu zote nikaweka ndogo za milimita 6, na ukubwa huo unatosha mradi fundo lako la kuunganisha mshipi linapita bila kukwama, jaribu fundo kwanza kabla hujafunga chochote.

Na ile karatasi. Vipimo vyake vimepigwa kwa blanki ya wastani, na blanki yako sio ya wastani, hata mbili za kiwanda kimoja zinaweza zisikunjike sawasawa. Fanya hivi. Funga mpini na rili, shikilia pete kwa vipande vya mpira mwembamba uweze kuzisogeza, pitisha mshipi wote mpaka nchani, funga kwenye kitu kizito sakafuni, halafu inua fimbo mpaka ikunjike kama ina samaki. Angalia kwa ubavu. Hii ni fimbo ya rili ya ngoma, ile inayokaa juu ya fimbo, na pete ziko juu, kwa hiyo mshipi haupaswi kugusa blanki kati ya pete na pete. Ukiona unagusa au unashuka chini ya blanki, sogeza pete zikaribiane pale mkunjo ulipo mkali. Kwenye hii, nikifuata karatasi, mshipi ulikuwa unalala juu ya kaboni kati ya pete ya nne na ya tano, unaona kabisa kwa macho, ukivuta unasikia unakwaruza. Nikazisogeza ukanyanyuka. Zoezi la nusu saa hilo, na ndio linaamua hii itakuwa fimbo au kijiti chenye pete.

Kuhusu mgongo wa blanki, yaani upande wake ulio mgumu zaidi kukunjika, najua mtaniuliza. Ukiikunja na kuizungusha inaruka upande mmoja, na wengi wanasema weka pete kwenye mstari huo fimbo isijipinde mkononi. Fimbo yenye pete juu inataka kugeuka kwa sababu mshipi unavutwa kuelekea chini, mgongo uwe wapi uwe wapi. Mimi natafuta upande ambao blanki inaonekana imenyooka zaidi, naweka pete hapo, naendelea na maisha.

Kufunga uzi: kabla ya yote pigia tupa miguu ya pete mpaka mwisho wake uwe mwembamba kama wembe, uzi uweze kupanda juu yake bila kuacha pengo, na laini huku chini isije ikakwaruza kaboni. Seti haina tupa, sijui kwa nini. Anza milimita mbili hivi kabla ya mguu, zungusha uzi ujikanyage wenyewe, kata mkia, panda juu ya mguu. Ukibakiza kama mizunguko sita laza kitanzi cha uzi mwingine, funga juu yake, pitisha mwisho kwenye kitanzi, vuta. Kaza ila usikabe, pete ibaki inasukumika kidogo kwa kidole uweze kuinyoosha.

Epoksi yao ni nzuri, haikunipa rangi ya njano. Pima nusu kwa nusu na sirinji mbili, kila chupa na yake, hapo usikadirie kwa jicho, ikizidi upande mmoja inabaki inanata milele. Koroga taratibu, mimina kwenye foili itandazike ili mapovu yatoke na isipate joto haraka, paka nyembamba, washa mota. Kamota haka kanafanya kazi, kanaenda polepole hakatetemeki, kwa kweli ndio kitu kilichonishangaza kwenye boksi zima. Paka mara ya pili kesho yake, halafu iache siku kadhaa, usikimbilie majini.

Kiti cha rili kina tundu pana kuliko blanki na wamekupa teipu ya karatasi ujazie. Ukiitumia acha nafasi kati ya mkanda na mkanda, epoksi ishike blanki na kiti moja kwa moja, na ifunike teipu yote mpaka pembeni, maana maji yakiingia kwenye karatasi kiti kitaanza kucheza.

Mimi ningeinunua tena kwa ajili ya blanki, mota na epoksi, pete za juu ningeagiza pembeni. Video ijayo namalizia na ile staili ya pete kuzunguka kutoka juu kwenda chini, ambayo ndio inaondoa kule kujipinda, nitaikunja hii hii mbele yenu muone tofauti.