Matone ya natamaisini kwa fangasi wa jicho: uzoefu wangu

Nimetumia matone haya ya asilimia 5 kwa wiki saba, na jicho langu limepona. Lakini sifa za kwanza nazipeleka kwa kipimo cha kuchunguza kidonda, maana bila hicho nisingeyafikia.

Nilikuwa nafyeka nyasi, unyasi mkavu ukanichapa jicho la kushoto. Siku ya tatu jicho lilikuwa jekundu, mwanga unachoma, na doa jeupe limetokea kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Pale nilipokwenda nilipewa matone ya antibayotiki, kisha ya steroidi. Wekundu ulipungua kweli, nikafurahi siku mbili, halafu doa likatanuka. Steroidi hutuliza uvimbe kwa kudhoofisha kinga ya jicho, na fangasi hujipenyeza hapo hapo. Hili bado linaniuma. Jicho likijeruhiwa na mmea, usikubali steroidi kabla ya kupimwa.

Daktari bingwa wa macho niliyemwona baadaye aliona kingo za kidonda zimechanuka kama manyoya, na vidoa vidogo kando yake. Hata hivyo hakuandika dawa papo hapo. Alinitia ganzi ya matone, akakwangua kidonda, kiasi akakitazama kwa hadubini na kingine akakipeleka maabara kuoteshwa. Sikuhisi maumivu, ila kuguswa tu. Siku ile ile nyuzi za fangasi zilionekana. Baada ya siku kadhaa maabara ikathibitisha ni Fusarium, aina mojawapo ya fangasi.

Sasa dawa yenyewe. Ni maji mazito meupe yanayotuama, kwa hiyo tikisa chupa vizuri kila mara. Mwanzoni nilidondosha kila saa, usiku na mchana, na hapo ndipo penye kazi: bila mtu wa kupokezana naye usiku, utachoka. Dawa huacha utando mweupe juu ya kidonda. Niliudhani ni ugonjwa unaongezeka, kumbe ni mabaki ya dawa. Kasoro yake kubwa ni kwamba haizami sana, hivyo kidonda kilichofika ndani huenda kikahitaji dawa nyingine au upasuaji. Kwa Fusarium, hata hivyo, utafiti uliochapishwa 2013 uliishindanisha na vorikonazoli, dawa nyingine ya fangasi, na natamaisini ikaonyesha matokeo bora zaidi.

Kovu limebaki kando ya mboni. Kusoma nasoma, ila usiku taa bado zinatawanyika.