Framus ya 1965 na katalogi yake: uzoefu wangu Lubumbashi

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikilitoa gitaa hili kwenye mfuko wake. Gitaa: dola 350, kutoka kwa papa mmoja, mzee wa mtaa wa Kamalondo aliyepiga mi-solo, gitaa lililo kati ya solo na lile la kusindikiza, ujana wake wote. Katalogi ya asili, kile kijitabu cha kiwanda chenye picha za magitaa yake: dola 40 kwa muuzaji wa Ujerumani, nauli mbali. Fundi: dola 60 pamoja na nyuzi. Ampli sihesabu, ninayo tangu zamani. Na kati ya pesa hizo zote, zilizonifaa zaidi ni zile 40 za karatasi, ingawa wenzangu wa bendi mpaka leo wanasema nilinunua gazeti kuukuu kwa bei ya gunia la unga.

Gitaa ni Framus Strato. Hapa kwetu ukitaja gitaa la zamani la umeme, watu wanajua Fender na Gibson, basi. Framus ni ya Wajerumani. Ilianzishwa mwaka 1946 na Fred Wilfer, pale Erlangen, na mafundi wake wengi walikuwa watu waliofukuzwa Schönbach, upande wa Chekoslovakia, baada ya vita. Baadaye kazi ikahamia Bubenreuth, na miaka ya 1960 ikawa moja ya viwanda vikubwa vya magitaa Ulaya. Bill Wyman wa Rolling Stones alipiga besi yao, Star Bass. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ikafilisika. Mtoto wa Wilfer, Hans-Peter, ndiye aliyeanzisha Warwick, kampuni ya magitaa ya besi, na ndiye aliyelifufua jina la Framus mwaka 1995 kule Markneukirchen. Kwa hiyo ukiona Framus mpya dukani, usidhani inatoka kwenye mikono ileile.

Papa hakujua lolote kati ya hayo. Kwake lilikuwa Fender. Alilinunua kwa Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao, jina la kichwani lilishafutika kwa jasho na msasa, lakini umbo linafanana, pembe mbili zimepinda, mikro tatu, yaani vinasa sauti, zimepangwa chini ya nyuzi. Mtaani wote walilijua hivyo. Alitaka dola 600. Nilipomwambia kwa heshima kwamba nina wasiwasi, alinitazama akaniambia: “Mutoto yangu, hii gitare ilikuwa Fender mbele weye uzaliwe.” Hapo huna la kujibu. Unamwamkia mama, unakunywa maji, unageuza gitaa.

Nyuma ya kichwa palikuwa na namba ya kiwanda, na kando yake 65 na herufi moja. Framus walikuwa na desturi nzuri sana ambayo natamani viwanda vyote vingeifuata: tarakimu mbili za mwaka, herufi moja ya mwezi. Hakuna ubishi. Halafu ukitazama shingo kwa ubavu unaona mistari myembamba, mbao nyembamba nyingi zimegundishwa pamoja kama kurasa za kitabu. Hiyo ni alama yao kubwa. Fender haikutengeneza shingo namna ile.

Hapo ndipo katalogi ilipoingia. Nilikuwa nimeshaiagiza kwa sababu nyingine, kwa kupenda tu, maana nakusanya. Nilirudi nayo kwa papa, tukakaa barazani, tukaweka gitaa na picha pamoja. Vitufe viwili vya sauti havikuwa vyake, vilitoka kwenye redio. Tundu la jack limepanuliwa, jambo ambalo si la ajabu, kwani magitaa mengi ya Kijerumani ya wakati ule yalitoka na tundu la DIN, la pini, na mwanamuziki wa hapa angepata wapi waya wake? Mkono wa kutikisa sauti haupo, umebaki mguu wake tu. Mengine yote ni yenyewe, mpaka skrubu za bamba la mbele. Papa aliitazama ile picha muda mrefu kuliko mimi. Alicheka. Tukashuka kutoka 600 mpaka 350 bila kugombana, na mimi sikumwambia neno lolote la kushusha bei. Picha ilisema yenyewe.

Sasa niseme habari za katalogi kama bidhaa, maana wengi wanauliza kwa nini ulipie kitu ambacho kipo mtandaoni. Ni kweli, kurasa nyingi za katalogi za zamani za Framus zimeshapigwa picha na kuwekwa wazi, na kwa kutambua modeli zinatosha kabisa. Kama lengo lako ni kununua gitaa moja upige sebene Jumamosi, usitoe senti. Pakua, hifadhi kwenye simu, nenda nayo.

Tofauti inaonekana ukitaka kujua rangi. Simu inadanganya, skana inadanganya zaidi. Rangi ya kuungua, ile nyekundu inayoingia nyeusi pembeni, kwenye nakala ya mtandaoni ilionekana kahawia. Kwenye karatasi ya asili ni nyekundu kweli, na gitaa la papa chini ya bamba la mbele, pale jua halijafika, lilikuwa na rangi hiyohiyo. Nilifungua skrubu nikaona kwa macho yangu. Bila karatasi ningefikiri mtu amelipaka upya.

Ukinunua ya asili, beba kioo cha kukuzia, kile cha fundi wa saa. Karatasi iliyochapwa kiwandani zamani zile inaonyesha vidoto vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa utaratibu, kama maua. Nakala ya printa ya nyumbani inaonyesha madoa yaliyorushwa ovyo. Angalia na pini za katikati. Kutu ikiwa imeingia kwenye karatasi kuzunguka pini, ni dalili njema. Pini zinang'aa na karatasi ni ya njano? Uliza maswali.

Na jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: katalogi yenyewe mara nyingi haina tarehe. Chenye tarehe ni karatasi ya bei, ile iliyowekwa ndani bila kushonwa, nayo ndiyo inayopotea kwanza. Yangu ilikuja bila. Muuzaji alikuwa ameandika “1965” kwenye tangazo, lakini hakuna kitu ndani kinachothibitisha mwaka huo. Gitaa ndilo lililoipa katalogi umri, si kinyume chake. Kwa hilo namtoa nyota moja.

Tena katalogi si msahafu. Viwanda vilipiga picha mapema, vikatumia picha ileile miaka kadhaa, huku mafundi wameshabadilisha mambo. Ukikuta gitaa lina kitufe tofauti na picha, usikimbilie kusema limechezewa. Katalogi inakuambia kiwanda kilitaka kuuza nini. Namba na sehemu za ndani zinakuambia kilitoa nini. Unahitaji vyote viwili.

Nitoe mfano wa pili, maana huu ulikuwa mtamu. Mtaa wa Kampemba kuna bwana aliyeniita nione Fender Jaguar “ya 1962”, kwa bei ambayo ningeweza kununua kiwanja kidogo nje ya mji. Jaguar kweli ilitoka mwaka 1962, hapo yuko sawa. Lakini bamba la chuma linaloshika shingo lilikuwa na herufi F kubwa imechongwa, na bamba la namna hiyo lilikuja baada ya CBS, kampuni kubwa ya Marekani, kuinunua Fender, Januari 1965. Kwenye ubao wa vidole badala ya vidoto palikuwa na alama za mstatili, ambazo Jaguar ilianza kuzipata 1966. Tukafungua. Mgongoni mwa kidhibiti cha sauti paliandikwa 137 na baada yake 6633: hiyo 137 ni kampuni ya CTS iliyotengeneza kidhibiti, 66 ni mwaka, 33 ni wiki. Gitaa halali kabisa, zuri, la 1966 au baada yake kidogo. Lakini si la 1962, na tofauti ya miaka ile ni pesa nyingi kwa Fender, kwa sababu wakusanyaji wanalipia zaidi yaliyotoka kabla ya CBS. Bwana hakufurahi. Bado analiuza, na nasikia bado ni “ya 1962”.

Huduma ya usafirishaji siipi hata nyota. Wakala, ambaye sitamtaja, alikubali kwa maandishi kwamba bahasha haitakunjwa. Ilikunjwa katikati, mkunjo ukapita juu ya picha ya besi nyekundu, ukurasa bora kuliko wote. Karatasi iliyokaa miaka hamsini na zaidi imenyooka Ujerumani imekuja kuvunjika mgongo njiani kuja kwetu. Malalamiko yangu yalijibiwa kwamba “yaliyomo hayajapotea”. Ukiagiza, mwambie muuzaji aweke mbao nyembamba mbili, moja juu moja chini, na ulipie uzito wake. Usitegemee maneno ya mtu.

Ukiagiza gitaa lenyewe kutoka nje, ongeza jambo moja. Ubao wa vidole wa magitaa kadhaa ya zamani ni mti wa rozwudi wa Brazil, na mti huo uko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992. Bila vibali linaweza kukamatwa mpakani hata kama lilitengenezwa kabla baba yako hajaoa. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa kwa rozwudi nyingine, lakini si ya Brazil. Ndiyo maana mimi natafuta yaliyo tayari ndani ya mji: makanisani, chini ya vitanda vya wazee, kwenye stoo za cercle, zile klabu za zamani. Katanga watu hukumbuka zaidi gitaa kavu, lisilo la umeme, la Mwenda Jean Bosco aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo. Ni haki yake. Lakini ya umeme nayo yalikuja, yakapigwa, na yanaoza bila mtu kuyaandika.

Sasa sauti, na maisha nalo. Mikro zake ni nyembamba kwa sauti, kali kidogo, hazina nguvu nyingi. Kwa solo zinakata vizuri juu ya besi na ngoma. Kwa akompa, yaani kusindikiza, utataka kitu kinene zaidi. Zinavuma, hasa jenereta ya jirani ikiwaka na nyumba haina waya wa ardhini, yaani nyumba nyingi. Lina freti sifuri, kijiti cha chuma cha ziada kwenye mwanzo wa ubao, kwa hiyo nyuzi wazi na nyuzi ulizobana zinatoa sauti ya namna moja, jambo ninalolipenda sana.

Adui wake ni kiangazi. Kuanzia Mei mpaka Septemba hapa hakuna mvua, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, na ubao wa vidole unasinyaa. Ukipitisha kiganja pembeni mwa shingo unasikia ncha za freti zimechomoza, zinakwaruza kama msumeno. Fundi alitaka kuzipiga tupa siku ileile. Nilimzuia. Niliweka sifongo chenye unyevu ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu, nikakifungia na gitaa kwenye mfuko, na baada ya muda zilirudi nyingi zenyewe. Tatu tu ndizo zilizopigwa tupa. Shingo yenyewe haijapinda hata kidogo, na nadhani ni zile tabaka. Katalogi ilijisifu kwazo kurasa mbili nzima, na kwa hilo walisema kweli.

Karatasi inataka kinyume: ukavu, na mbali na ukuta, maana mchwa wa mji huu hawachagui. Yangu iko kwenye mfuko wa plastiki mgumu, juu ya kabati, haigusi saruji.

Gitaa nyota nne, katalogi nne, fundi tano kwa sababu alikubali kusubiri. Natafuta vitufe viwili vya asili na ule mkono wa kutikisa. Papa anasema rafiki yake wa Likasi ana “Fender” nyingine ya namna hii, yenye nyuzi nne. Nitakwenda na katalogi.