TAHADHARI: Anayechukua mbwa wa bure Mbeya kisha anawauza kwenye matangazo

Wana Mbeya, pamoja nanyi wa Makambako, Mafinga na Iringa, kuna mtu anafuatilia matangazo ya watu wanaotoa mbwa na paka wao. Anawachukua kwa maneno matamu, halafu mnyama huyohuyo anaibuka kwenye tangazo jingine akiwa na bei. Jina lake silitaji, maana kila aliyekutana naye amepewa jina tofauti na sitaki asiyehusika achafuliwe. Nitawaeleza anavyofanya ili mumtambue mapema, yeye na wenzake.

Mimi nauza dawa za mifugo, kwa hiyo waliotapeliwa wengi wanapitia dukani. Wa karibuni ni mama mmoja wa mtaa wa Forest, mumewe kapata uhamisho wa kikazi kwenda Kigoma. Mbwa wao, dume la kahawia chotara waliyemlea tangu mdogo, hawakuweza kusafiri naye. Wakaweka tangazo lenye picha nzuri, jina la mbwa, tabia zake, na mwisho wakaandika anatolewa bure kwa atakayemtunza. Simu ikaingia muda huohuo. Kijana akasema ana shamba la mpunga Mbarali, anatafuta mlinzi wa ghala. Hakuuliza mbwa anakula nini. Hakuuliza kama amechanjwa wala kama anaelewana na watoto. Alichouliza ni kama anaweza kuja kumchukua sasa hivi.

Akaja na bodaboda. Mbwa akaingizwa kwenye kiroba, kichwa nje, wakaondoka. Siku chache baadaye dada wa yule mama akaziona picha zilezile mtandaoni: mbwa kabadilishwa jina, anaitwa German Shepherd aliyefunzwa ulinzi, bei laki tatu, anatumwa kwa basi popote kuanzia Tunduma hadi Iringa, nusu ya hela itangulie. Watu tofauti wametuma hiyo nusu kwa mbwa mmoja, na hakuna aliyepokea hata mkia. Mbwa mwenyewe hajulikani alipo mpaka leo.

Muelewe kinachotafutwa hapo. Mbwa ni sehemu tu ya biashara yake. Kubwa zaidi ni picha zako na video anayokuomba umrushie, ya mbwa akiitwa na kuja, kwa sababu kwa hizo anaweza kuuza mbwa mmoja kwa watu wengi bila kumtoa bandani. Kwa hiyo ukitangaza, weka picha moja au mbili, na usionyeshe kila kitu. Kama mbwa wako ana doa tumboni, kovu sikioni au ukucha uliovunjika, alama hiyo ibaki kwako. Siku ukimkuta kwa mtu anayedai ni wake, utamwambia afisa iko wapi kabla mbwa hajageuzwa. Kadi ya chanjo usiipige picha ukaiweka hadharani, watu wanaikata na kuibandika kwenye tangazo lao.

Na neno bure liondoe. Sisemi umfanye mbwa wako bidhaa. Lakini mtu asiyekuwa tayari kulipia hata chanjo ya mwaka huu, atamlisha kwa nini mwezi ujao? Mwambie mkutane kwa daktari wa mifugo, yeye alipie chanjo, kadi iandikwe jina lake mbele yako. Mtu mwenye nia njema hilo halimsumbui. Huyu ninayemzungumzia, kila alipoambiwa hivyo alikata simu.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi, na ndilo watu wanalolipuuza. Mbwa anapotoka, nyumba inabaki bila mlinzi, na wewe umemwelekeza mgeni mpaka getini. Tangazo linalosema "tunahama mwisho wa mwezi" limeshamwambia mwizi ni lini vitu vitakuwa vimefungwa kwenye maboksi, tayari kubebwa. Akija atakuuliza kama mna mbwa mwingine na kama baba yupo. Msikabidhiane nyumbani. Kutaneni ofisi ya mtendaji au kwa daktari wa mifugo, mchana, ukiwa na mtu mzima mwenzako. Andikianeni karatasi: jina, namba ya NIDA, mtaa anakoishi, mwenyekiti wa mtaa wake ni nani. Halafu mpigie huyo mwenyekiti kabla hujakabidhi kamba. Kama anasema ana shamba Mbarali au Uyole, nenda ukalione, au mtume ndugu aliye jirani na huko. Mbwa uliyekaa naye miaka anastahili nauli ya safari moja.

Wanaouza nao wanawindwa. Mnunuzi anasema ametuma hela, unapokea ujumbe unaofanana na wa mtandao wa simu, halafu anakupigia kwa haraka: nimezidisha, nirudishie laki moja, dereva ananisubiri. Usirudishe chochote kwa kusoma ujumbe. Ingia kwenye menyu ya simu yako, angalia salio. Kama halijaongezeka, hakuna hela iliyotumwa.

Na ninyi mnaotafuta mbwa, yule wa kutumwa kwa basi kutoka Dar ndiye anayewamaliza. Ukishatuma nauli yake, itafuata hela ya boksi, kisha ya kibali, kisha anaumwa njiani Kitonga na anahitaji sindano. Kabla hujatuma shilingi, omba simu ya video wakati huohuo, muuzaji amshike mbwa na kutaja jina lako. Akisema kamera imeharibika, achana naye.

Hata ukimpata mbwa mkononi, angalia umri. Watoto wa mbwa wanaouzwa kwenye maboksi barabarani mara nyingi wametolewa kwa mama mapema mno. Wanatakiwa wafikishe angalau wiki 8. Ugonjwa wa pavo huchukua kama siku 3 hadi 7 mwilini kabla ya dalili, kwa hiyo muuzaji anaweza kukupa mtoto anayechangamka, na wiki haijaisha anatapika na kuharisha damu. Virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hivyo usikimbilie kuleta mwingine uwanja uleule.

Kichaa cha mbwa ndicho ninachowaombea mkiogope kwa dhati. Mbwa aliyepita mikono ya watu msiowajua hamjui kama aling'atwa na mnyama mwenye kichaa. Chanjo yake huanza akiwa na umri wa miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Kadi mkioneshwa, nendeni kwenye ofisi iliyogonga muhuri mkaulize. Akimng'ata mtoto, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Kama umeshatuma hela, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe, maana zikishatolewa kwa wakala kuzirudisha ni vigumu sana. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, utaulizwa namba iliyoutuma. Usifute mazungumzo, usimtukane akajua umeshtuka. Piga picha za skrini za tangazo lake kabla hajaliondoa, uende polisi ukapewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Ukiambiwa "ni mbwa tu", jibu kwa heshima kwamba unalalamikia utapeli uliofanyika mtandaoni, na ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya RB mpelekee mtendaji wa kata yako pia, kwa sababu mama yule wa Forest tayari ana ya kwake, na malalamiko yakiwa mengi kuhusu namba moja ya simu ndipo inapokuwa rahisi kumfuatilia.